Bibo Lililoitwa Epo

Mara ya kwanza Carlota kufika kwenye meza yangu alitaka epo moja, na kwa hilo moja alinisimamisha robo saa nzima.

Nauza matunda soko kuu la Mtwara, huu mwaka wa kumi na sita. Nilianza na maji ya vifuko nje ya geti la bandari, nikiwauzia madereva wa malori ya korosho, na hakuna shangazi wala mjomba aliyenipa mtaji. Kwa hiyo mteja wa kunipotezea muda namjua kabla hajafungua mdomo. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, kajifunga kanga mbili zisizo za doti moja, ndala ya kushoto imefungwa kwa waya. Aliinua epo, akaligeuza, akalinusa kwenye kitako.

"Limelala?"

"Epo halilali, mama. Limetoka Njombe kwa lori, na likikaa hapa mwezi mzima litakuwa hivyo hivyo."

"Mwezi?" Akalirudisha mezani taratibu, kama kitu alichookota na hamjui mwenyewe. "Tunda linalokaa mwezi bila kulala, basi halijawahi kuamka."

Wateja wawili wakacheka, na mimi sipendi kuchekwa kwenye meza yangu. Nikamwambia kama hanunui apishe. Akasema ananunua, ila nimkatie nusu.

"Nusu nyingine nimuuzie nani?"

"Ule wewe. Umewahi kulila?"

Swali lilinikera kwa sababu jibu lilikuwa hapana. Mali ya kuuza hailiwi. Lakini watu walishasimama kutazama, na mimi nilitaka aondoke. Nikakata. Akalipa nusu, mimi nikala nusu yangu, na hiyo ndiyo siku pekee katika maisha yangu nimeuza nusu epo.

Alitafuna amefumba macho. Akameza.

"Maji yenye sukari," akasema. "Hili ndilo wanaloliimba?"

Nikamuuliza anataka nini hasa. Ndipo akaeleza kwamba yeye huoka keki pale anapoishi, Rahaleo, na jirani yake aliyewahi kukaa Dar kamwambia keki yako ina ladha ya epo. "Nilitaka kujua nimesifiwa au nimetukanwa," akasema. "Sasa nimejua. Nimetukanwa."

Kesho yake aliniletea kipande ndani ya jani la mgomba. Sikumwomba. Nilikula nikiwa nahesabia mtu ndizi, nikasahau nilipofika. Chini ukoko mwembamba uliokolea kama wa wali, juu vipande laini vya tunda vilivyozama kwenye sharubati nzito, kuna mdalasini, kuna ndimu, na nyuma yake kitu kingine kikali kidogo kinachokuvuta urudie. Nikauliza ni tunda gani. Carlota akajibu kama anayetaja mchana:

"Bibo."

Nikatazama huku na huku kuona nani amesikia.

Kwa msomaji ambaye hakuzaliwa huku niseme kidogo. Korosho unayoitafuna haizaliwi peke yake. Inaning'inia nje, kwenye kitako cha tunda jekundu au la njano, laini, lenye maji mengi, na hilo tunda ndilo bibo. Carlota kwao ni Kitaya, kando ya Ruvuma, na wazazi wake walivuka mto kutoka Msumbiji. Wao wanaliita kaju, na husema korosho ni mtoto aliyebebwa mgongoni na mama yake. Kila mwaka mvua zinapokaribia, Oktoba mpaka Desemba, chini ya mikorosho kunakuwa kwekundu. Watu wanainama, wananyonga korosho, wanatia kwenye gunia, bibo wanalitupa. Korosho inakwenda kwenye mizani, inakwenda ghalani, inapanda meli. Imejenga nyumba za bati, imelipa ada, imeoa wake wa pili. Bibo linaozea pale pale, au linaokotwa na wakamuaji wanaolitengeneza uraka, ile pombe yake. Na kwa sababu ya hao wachache, harufu ya bibo ikitoka kwenye nyumba ya mtu Mtwara, majirani hawaulizi unapika nini. Wanauliza unamuuzia nani.

Mkoa mzima unaishi kwa kitako cha tunda na unamwonea aibu mama mtu! Nimelifikiria hilo miaka miwili sasa, na bado linanipandisha damu.

Nikaenda Rahaleo kuona kwa macho. Carlota alipanga chumba kimoja cha uani kwenye nyumba ya Bi Mwasiti, mama wa Mikindani mwenye nyumba tatu na mashamba ya mikorosho, ambaye kodi yake huchukuliwa na mtu na yeye mwenyewe hafiki. Carlota alihama Kitaya mwaka 2020, kijiji kilipovamiwa, mwaka ambao watu wa Kitaya hawapendi kuuzungumza, na tangu hapo uani ule ndio ulikuwa shamba lake na duka lake. Hana oveni. Ana sufuria kubwa iliyotandikwa mchanga, ndani yake anaweka sufuria ndogo yenye keki, anafunika, anapalia makaa juu ya mfuniko. Moto chini, moto juu, kama bibi zetu walivyokausha wali.

Kazi yenyewe haina siri wala haina ugumu. Mabibo anayaokota au anayanunua asubuhi, yale yaliyoanguka usiku huo. Anakata ncha zote mbili, anayachemsha kidogo kwenye maji ya chumvi, anamwaga maji yale, anayakamua kwa viganja ili ukakasi utoke usije ukakukereketa koo. Kisha anakata vipande, anavipika na sukari, mdalasini na ndimu. Unga wa ngano anaukanda kwa siagi na tui zito. Anatandika unga, anapanga mabibo, anamwagia sharubati ya bibo aliyoichemsha mpaka ikawa kama asali. Nusu saa, imeiva. Mtoto wa darasa la tano anaweza.

Sharti lake lilikuwa moja tu. "Bibo lisilale."

"Likilala linakuwaje?"

"Linaanza kufikiria mambo mengine," akasema, akapuliza makaa.

Nikamwambia nitachukua keki zake niziuze pale mezani kwangu, mimi na yeye tugawane. Akakubali haraka mno; anayekubali haraka hivyo hajawahi kuwa na mtu wa kumuuzia. Wiki ya kwanza nikaziweka kwenye sahani, nikaandika keki ya bibo. Sikuuza hata moja. Mama mmoja alisogeza mtoto wake mbali na meza. Mzee mmoja akanikonyeza, akaniuliza kama zile za maji zipo pia.

Ndipo akaja Bi Mwasiti.

Alikuwa anamuoza Nuhu, mtoto wa marehemu dada yake aliyemlea mwenyewe. Alishuka kwenye gari na mpwa wake mwingine, Farida, anayekaa Maskati na aliyekuja kwa ajili ya harusi. Farida akanishikisha simu. Wazungu wamevaa masweta, miti nyuma yao myekundu, majani yanadondoka, na kila nyumba inatoa keki ya epo motoni.

"Huko majani yanapoanguka ndio msimu wa kuoka epo," Farida akasema. "Rahisi tu, nyumbani, kila mtu anaoka. Shangazi anataka hii kwenye harusi. Sinia ishirini."

"Wewe si ndiye Mama Epo?" Bi Mwasiti akaniuliza. "Una fundi?"

Sahani ya Carlota ilikuwa pale, mbele ya kiwiko changu, bila kibandiko. Nilikwisha kukitoa kwa hasira asubuhi ile. Nikamkatia kila mmoja kipande.

Bi Mwasiti alikula mpaka makombo. Alipomaliza alilamba kidole gumba, mama mwenye nyumba tatu, alilamba kidole gumba mbele ya soko zima.

"Hii ndiyo epo," akasema. "Si ile ya hotelini. Hii ndiyo yenyewe."

Sikusema ni epo. Nilisema, "Sinia ishirini, mama, tutaelewana." Wenye sheria wanaweza kuona tofauti. Carlota hakuiona.

Jioni nilimpelekea habari. Alisimama na upawa mkononi. "Wanajua ni bibo?"

"Wanajua ni tamu."

Aliushusha upawa. "Zulfa, mimi nimeuliza kingine."

"Mama Helder," nikamwambia, kwa maana mwanawe mkubwa anaitwa Helder na nilitaka kumlainisha, "unataka kuuza keki au unataka kutoa mawaidha? Wiki nzima imeandikwa bibo, umekula mwenyewe. Acha wale kwanza, jina litafuata."

Hakujibu. Aliinama akaendelea na makaa yake, na mimi nikahesabu kimya chake kuwa ndiyo. Mfanyabiashara mzuri hapaswi kufanya hivyo. Kimya ni kimya.

Sinia ishirini zilihitaji mabibo mengi kwa asubuhi moja, nami najua pa kupata. Nje ya mji, njia ya Naliendele, kuna shamba kubwa ambalo mlinzi wake, Celestino, huwauzia wakamuaji mabibo kwa debe, msimu mzima. Wanakuja na madumu yao, wanakamua kwenye mashimo nyuma ya shamba, na hela ya madebe inapanda kwa mwenye shamba pamoja na ripoti ya korosho. Celestino hakunificha. "Mama anajua kila debe," aliniambia. "Likipungua moja anapiga simu." Mama mwenyewe alikuwa Bi Mwasiti.

Nikacheka peke yangu njia nzima. Namuuzia mtu mabibo ya shamba lake kwa bei ya epo la Njombe! Siku ile nilijiona bingwa.

Nilinunua magunia mawili. Moja liliokotwa alfajiri ile. La pili lilikuwa la jana yake, Celestino alinipa kwa bei ya kutupa, nikalichukua, nikaliweka chini ya lile jipya. Carlota alifungua la kwanza, akaridhika. Alifungua la pili, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akaunusa.

"Haya yamelala."

"Yamelala kidogo. Yatachanganyika."

Hakubishana. Alilivuta gunia lile uani kote, mwanamke mfupi vile, mpaka kwenye shimo la taka, akalimwaga lote. Wapangaji walitoka milangoni kutazama. Nilimtukana. Nilimwita mshamba, nikamwambia harusi ni kesho, kwamba anamwaga hela yangu, kwamba watu wa mtoni hawajui biashara. Alikung'uta gunia, akalikunja vizuri, akanipa.

"Nenda kaokote mengine," akasema. "Jua bado."

Nilikwenda. Mimi, na viatu vya dukani, niliinama chini ya mikorosho ya Bi Mwasiti mpaka adhuhuri.

Harusi ilikuwa nzuri. Sinia zote ishirini zilirudi nyeupe. Sheikh aliyefungisha ndoa alirudia mara mbili. Nilisikia kina mama wakiulizana: epo gani hili, la Afrika Kusini au la wapi, mbona langu nikinunua halina ladha hii? Farida akawaeleza habari za majani yanayoanguka. Bwana harusi mwenyewe, Nuhu, kanzu yake nyeupe pe, alilishwa kipande na bibi harusi huku watu wakipiga vigelegele, na sharubati ikamdondokea kifuani. Watu wakacheka. Baraka hiyo, wakasema.

Siku ya nne Bi Mwasiti alikuja sokoni kwa miguu yake. Alikuwa na mfuko wa plastiki. Akaitoa kanzu, akaitandaza juu ya maepo yangu.

"Zulfa. Hili ni doa la nini?"

Lilikuwa limefuliwa. Na kadiri lilivyofuliwa ndivyo lilivyozidi kukolea, kahawia inayokwenda kwenye weusi, pembeni kama ramani.

"Chai, mama."

"Chai!" Alipaza sauti mpaka wauza samaki wakageuka. "Kijana huyu nimemchapa kwa doa hili tangu ana miaka sita! Kila shati la shule! Sabuni, ndimu, maji ya moto, jua, hakuna kilichosaidia. Mimi nifundishwe doa? Hili ni bibo!"

Hakuna mtu wa Mtwara asiyelijua doa la bibo. Wote tumelilia viboko. Epo haliachi alama, na mimi Mama Epo sikulikumbuka hilo hata kidogo.

"Mmenilisha uraka," Bi Mwasiti akasema, sasa kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Kwenye ndoa. Na sheikh kala. Nani kaoka?"

Hapa sitajipamba. Nilikuwa na meza imejaa maepo, na wateja kumi wamesimama wanasikiliza. Nikasema, "Mimi nilimwagiza fundi keki ya epo, mama. Alichotia yeye mwenyewe anajua."

"Fundi gani?"

"Carlota. Wa Rahaleo."

"Rahaleo wapi?"

Nilipomwelekeza, uso wake ulibadilika. Nyumba ilikuwa yake. Uani ulikuwa wake. Akakunja kanzu, akanishika mkono juu ya kiwiko. "Twende. Ukayaseme hayo mbele yake. Leo hii anatoka, yeye na masufuria yake."

Tulimkuta Carlota amepalia makaa, keki iko motoni. Bi Mwasiti hakusalimia. Alianza mlangoni. Kwamba anawalisha Waislamu pombe, kwamba amegeuza nyumba yake kilabu, kwamba watu wa ng'ambo kila wanachokishika kinachacha. Alitaka vyombo vitolewe nje kabla ya alasiri. Na ili asionekane mwonevu, akatuma mtu amwite Ustadh Mohamedi, anayefundisha madrasa nyumba ya tatu, aje atamke mbele ya watu kwamba kitu kile ni haramu.

Ustadh ni kijana, hajafika hata thelathini, na alikuja na fimbo ya darasani mkononi, ana haraka. Uani ulijaa. Carlota alikuwa amesimama kando ya jiko, mikono imening'inia. Chumba kile ndicho chote alichokuwa nacho upande huu wa maisha yake, na sote tulilijua hilo. Angetoka na masufuria yake kwa neno la pombe, hakuna nyumba Rahaleo wala mtaa mwingine ambayo ingempokea.

"Ni nini hiki?" Ustadh akauliza.

"Bibo," Carlota akasema.

"Si mnaona!" Bi Mwasiti akaruka. "Kakiri mwenyewe!"

"Subiri, Bi Mkubwa. Bibo ni tunda. Mimi mwenyewe nimelila kwenye njia ya shule, nikachapwa kwa doa lake. Swali ni jingine." Akamgeukia Carlota. "Lililala?"

"Halijawahi kulala kwangu, Ustadh. Linaanguka usiku, jioni limeshaokwa."

"Muongo!" Bi Mwasiti akasema. "Ameshasema uongo mara moja, kaiita epo!"

Hapo ndipo Carlota alipochemka. Mwanamke yule sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla wala baada.

"Mimi sijaiita epo! Mimi epo nimelila nusu, maji matupu! Niite bibo langu epo kwa nini, nimelionea haya? Ninyi vitumbua vyenu vinalala na hamira usiku kucha, vinaumuka mpaka vinamwagika, asubuhi mnavila na chai mnasema alhamdulillahi. Mkate wenu umelala. Bibo langu halijalala hata saa moja, ndilo mnalitemea mate? Korosho yake mnaipeleka benki!"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamaza haraka. Ustadh alikuna kidevu kwa fimbo. "La vitumbua lina hoja," akasema. "Lakini nani shahidi kwamba hayakulala?"

Carlota hakunitazama kwa kuomba. Laiti angeomba, ningepata la kumjibu, ningepanga bei. Alinitazama tu, kama siku ile alivyolitazama epo, kuona kama lina kitu ndani.

Nitasema ukweli wangu: sikusema kwa huruma. Nilisema kwa hasira. Nilimtazama Bi Mwasiti, hereni za dhahabu za korosho masikioni, anamfukuza mtu kwa bibo, na mimi nimetoka kwenye mashimo ya wakamuaji nyuma ya shamba lake. Kuna uongo wa biashara, nimeusema mwingi. Huu ulikuwa wa daraja nyingine.

"Mimi ndiye shahidi," nikasema. "Mimi ndiye niliyewaacha muamini ni epo. Carlota aliniuliza kama mnajua, nikamzungusha. Na mimi ndiye niliyeleta gunia lililolala. Alilimwaga pale kwenye shimo, lote, siku moja kabla ya harusi, na mimi namtukana. Wapangaji wote waliona. Shimo lenyewe lile pale, inzi bado wapo."

Wapangaji wakaitikia. Kweli. Kweli, tuliona. Alimwaga.

"Gunia lilitoka shamba gani?" Ustadh akauliza. Nadhani aliuliza bila maana yoyote, kama watu wanavyouliza.

Nikamgeukia Bi Mwasiti, nikamtazama, nikasubiri. Nimefanya biashara miaka kumi na sita, na najua wakati wa kutaja bei na wakati wa kumwacha mtu aitaje mwenyewe.

Alielewa.

"Basi, Ustadh," akasema. "Watoto wanakusubiri. Tusikucheleweshe darasa."

"Na vyombo vya huyu?" nikauliza.

"Vyombo gani? Nani kasema vyombo?" Akaweka kanzu kwenye mfuko. "Nimekuja kuuliza doa. Nimejibiwa."

Ustadh Mohamedi akasema kilichokosewa hapa ni jina, na jina hubadilishwa na anayeuza, hakuna mpishi anayeamka akalibadili. Alisema hivyo akinitazama mimi. Kisha akaondoka na fimbo yake.

Harufu ya kuungua ikatufikia wote pamoja. Carlota alifunua sufuria. Keki ya siku ile ilikuwa mkaa.

Sasa tuhesabu nani alibaki na nini.

Bi Mwasiti alibaki na doa. Watu husema doa la bibo hutoka lenyewe msimu ukiisha. Msimu uliisha, mwingine ukaja, na nasikia kanzu bado iko hivyo hivyo. Hakumwomba mtu radhi. Amehama meza yangu, na nyumba tatu zile na jamaa zake wote wamehama naye. Celestino anasema madebe yanaendelea kama kawaida, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Anayeoka keki alisimamishwa mbele ya watu. Anayeuza kwa wakamuaji anakaa mstari wa mbele kwenye kila harusi. Na mwezi Novemba uliofuata alimtuma msichana wa kazi kwa Carlota, kwa mlango wa nyuma, akaombe "ile ya epo, sinia moja." Carlota akamrudisha mikono mitupu. Akamwambia amwambie mama yake epo hana, yuko Zulfa sokoni.

Mimi nilipoteza jina. Mpaka leo mteja akiinua tunda mezani kwangu atalinusa kwanza, aulize: hili ni epo kweli? Na mtani wangu mmoja wa samaki hunisalimia, "Mama Bibo, yamelala?" Namwitikia. Ningefanyaje?

Carlota alibaki na uani wake. Alikata kipande cha boksi, akaandika kwa mkaa KEKI YA BIBO, herufi kubwa, akakitundika mlangoni upande wa barabara. Mwanzo walikuja wapangaji tu, kwa sababu walikuwa mashahidi. Kisha wanafunzi wa madrasa. Sasa jioni za msimu kuna foleni, na humo utawaona wanawake niliowahi kuwaona wakisogeza watoto mbali na meza yangu.

Nilikwenda kumwambia turudiane. Nikamweleza mipango yangu yote, na ilikuwa mizuri, hata leo naiona mizuri. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Zulfa, siku ile ulinisemea. Nashukuru," akasema. "Lakini ulichelewa siku nne. Yamelala."

Sikubembeleza. Nikapanga foleni kama wengine. Ilipofika zamu yangu nikamwambia, kwa utani, anikatie nusu.

"Nusu nyingine nimuuzie nani?" akasema, wala hakucheka.

Nikalipa kipande kizima, kwa bei ya mtu baki.